Mwandiko Huanzia Begani

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mgongo wangu tu ndio unanikumbusha umri. U mzima huko?

Mwalimu wa darasa la kwanza aliniita. Mwanao Malkia hawezi kushika penseli, inamponyoka. Akiruka kwa mguu mmoja, anaanguka. Asipobadilika kufikia likizo ya Aprili, watamrudisha chekechea. Nikapandwa na hasira. Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Bibi, nani humvisha viatu?" Nikajibu kwa maringo, mimi. "Na kumlisha?" Mimi. "Na kumfunga vifungo?" Mimi. Hapo nikaona kosa langu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nililia njia nzima.

Lakini ungemwona mwalimu huyo! Hakimbilii daftari. Anawapa udongo wafinyange, matambara wakamue, na kamba anaruka nao, vumbi hadi magotini. Anasema mwandiko huanzia begani, ndipo ushuke vidoleni.

Mama yako

19 Februari

Shikamoo Mama,

Pole na mgongo. Mimi mzima, ila kazi haina huruma.

Mama, nafua mashuka ya hoteli huku ili mwanangu asome, halafu huyo mwalimu anamfundisha kukamua matambara? Hiyo kazi si ningemfundisha mwenyewe! Mhamishe. Shule ile ya jirani watoto wanaandika tangu siku ya kwanza. Naogopa, Mama. Asije akabaki nyuma kwa sababu mimi sipo.

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Mgongo umetulia. Najua ukimya wangu umekuudhi. Sikumhamisha. Nilisubiri vidole vyake vikujibu, maana mimi usingeniamini.

Vimejibu. Harudi chekechea. Anaandika jina lake. Herufi zinapanda mlima, ila zote zinasomeka. Anavaa mwenyewe, tunachelewa shule, na mwalimu badala ya kutugombeza anatupigia makofi mlangoni. Kamba anaruka mpaka wakubwa wanamwachia zamu. Yule mwalimu ni fundi, mwanangu, nami namvulia kofia.

Asubuhi mikono yangu haina kazi. Hilo linaniuma, sikufichi, na bado nafurahi.

Ukija likizo, njoo na viatu vya kukimbilia. Si vyake, vyako. Mimi ameshaniacha mbali.

Mama yako