Kishindo cha Jikoni na Ng'ombe wa Jumamosi

Jumatano, Bariadi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, ule unaokuja pamba ikishavunwa, unapuliza mpaka kwenye meno. Nimefagia kibanda mara tatu na bado cherehani inasaga mchanga. Sijatulia. Niseme ukweli wangu, sijatulia tangu Jumapili.

Leo nimemkatia mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Miaka tisa ya ufundi, na kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Nikakaa nikaitazama ile mikono mpaka jirani yangu muuza dagaa akaniuliza kama nyumbani kuna msiba. Nikamwambia hakuna. "Basi kunjua uso, mayu, unafukuza wateja hadi wa kwangu." Nikacheka cha uongo, nikaendelea kuitazama.

Siwezi kumwambia muuza dagaa kwamba kinachonisumbua ni muvi.

Mnaonisoma hapa mnajua ugonjwa wangu. Mchana nashona, jioni natazama filamu, halafu nakuja hapa kuzisema. Wiki iliyopita niliisema ile ya mke na mume wanaogombania simu. Jina silirudii, mtunzi wake asije akadhani nimemwekea kinyongo. Hadithi yenyewe kali: watu wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamvizia mwenzake, hata kuombana chumvi wanaombana kwa ugomvi. Mtazamaji unakaa umebana pumzi. Hapo sina neno.

Neno langu lilikuwa kwenye ile kopi. Jamani, ile kopi! Shija wa library, pale tunapokodi filamu, aliniingizia kwenye flashi akiapa kwamba ni safi. Safi gani? Mtu kairekodi kwa simu akiwa mbele ya televisheni yake, na humo ndani kuna mtu anakohoa ambaye si mwigizaji. Sauti inatangulia, midomo inafuata. Namba ya simu ya huyo aliyeiuza imeandikwa kwa rangi nyekundu katikati ya uso wa mke, kwa hiyo akilia unaona machozi yanatoka kwenye tarakimu.

Na giza. Kisa chote kinageukia jikoni, umeme umekatika, mke na mume wanarushiana maneno. Kwenye kopi yetu hapo kioo ni cheusi kabisa. Unasikia mke anasema, "Rudia tena, watu wasikie." Halafu kishindo. Paa! Halafu kimya. Picha ikirudi kuna mwanga wa asubuhi na mke anafunga begi.

Kimetokea nini gizani? Hakuna aliyeona.

Tuliitazamia sebuleni kwa Mama Holo, mwenye nyumba wangu, maana televisheni yake ni kubwa kuliko chumba changu. Tulikuwa wapangaji wote, na Masunga alikuwepo. Masunga ni mchumba wangu. Anachomelea mageti pale njia ya kwenda stendi, na sitaki mtu amfikirie vibaya kabla sijamaliza, maana ana mazuri yake. Nilipolazwa kwa malaria alilala nje kwenye benchi siku mbili akinisubiri. Mama Holo anamwita mkwe, na mikono yake akiingia hapa haikosi kitu.

Basi kile kishindo kiliposikika, Masunga alipiga makofi. "Hapo sasa! Alichelewa mno!" Watu wakaangua kicheko, sebule nzima. Mama Holo akauliza, kama anavyouliza katika kila filamu ya ndoa, "Na ng'ombe wa mahari je, wamerudishwa?" Tukacheka zaidi.

Na mimi nilicheka. Niandike hilo, nisijifanye mtakatifu.

Nikaja hapa nikaandika ukurasa mzima kulalamikia giza na kikohozi. Maoni yenu yakamiminika, na mkagombana kuliko wale wa kwenye filamu. Wengine mkasema ni kofi, mke alilitafuta akalipata. Wengine mkasema mke ndiye aliyerusha sufuria. Kaka mmoja wa Maswa akaandika kwamba mwanamke anayesema "watu wasikie" hafai kuolewa hata kwa kuku, na mkamwitikia kwa vicheko. Sasa dada mmoja wa Mkula akaniandikia mistari miwili tu: "Dada Limi, umelaumu taa, umemlaumu aliyerekodi, umemlaumu hadi anayekohoa. Waliocheka je?"

Nilikasirika. Nikasema, huyu naye ananifundisha kazi. Kumbe mwiba umeshaingia.

Jumapili hii Shija akanipigia kwamba amepata diski yenyewe, orijino, mtu kamletea. Nikaichukua mbio, nikijiambia ni kwa ajili ya wasomaji wangu, tumalize ubishi. Mchana ule ule tukakaa tena kwa Mama Holo, watu wale wale. Deki ya Mama Holo ya zamani ikakwaruza kidogo, ikakubali. Ahaa! Picha inang'aa mpaka unaona mishono ya pazia, na aliyeshona lile pazia alikuwa na haraka. Uso wa mke mtupu bila namba ya mtu. Sauti na midomo pamoja.

Jikoni tukaona kila kitu. Kumbe kulikuwa na mshumaa. Mke anasema, "Rudia tena, watu wasikie." Mume anapiga ngumi mezani, chupa ya chai inaruka, inaanguka, inapasuka. Kile ndicho kishindo. Hakumgusa mke hata kwa kidole. Amesimama pale anaitazama ngumi yake, anajiogopa mwenyewe.

Masunga akafurahi sana. "Mmeona? Hajamgusa! Mlimsingizia kijana wa watu bure."

Mama Holo alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Mimi nilijua," akasema. "Kofi halilii vile."

Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Na mimi sikuuliza. Nilikuwa namtazama Masunga.

Kwa sababu hesabu yake ilikuwa haijakaa sawa kichwani mwangu. Sasa anafurahi kwamba mke hakupigwa. Lakini wiki iliyopita alipoamini kwamba amepigwa, alipiga makofi. Furaha zote mbili zilikuwa za kweli, nilimwona kwa macho yangu.

Nilisubiri watu wakatawanyika, nikamsindikiza hadi mlangoni. Nikamwambia, "Siku ile ulidhani ni kofi, ukashangilia."

"Ni muvi, Limi. Na wewe si ulicheka?"

Alinipata hapo. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Ningenyamaza pale, leo mteja wangu angekuwa na mkono wa kulia. Lakini mdomo wangu nao haujui kupumzika. Nikamuuliza: "Na mimi nikishakuwa kwako, siku nikikujibu vibaya mbele ya watu, utanipiga?"

Akasimama, akajikung'uta magoti, akanitabasamia vizuri tu, lile tabasamu lililonifanya nimpende.

"Usinijibu vibaya, basi."

Akaondoka.

Hakukasirika wala hakutisha. Angenikaripia ningejua la kufanya. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayekuelekeza njia ya kisimani. Tangu hapo ninalitafsiri lile jibu kila namna. Alikuwa anatania. Hakuwa anatania. Wanaume ndivyo wanavyoongea. Mbona sikumuuliza swali la pili? Nalala nalo, naamka nalo, nakata nalo vitambaa vya watu.

Na muda wa kulitafsiri sina. Jumamosi hii ng'ombe wa mahari yangu wanaingia zizini kwa Baba, Lalago.

Kwa msomaji wa mbali niseme kidogo. Kwetu ng'ombe wakishaingia zizini hawakai wakisubiri kuona kama umependeza kwa mumeo. Kaka yangu Maduhu ana mchumba kule Kimali, na neno limeshapelekwa huko: wakifika wa Limi, watapumzika siku chache, halafu wataendelea na safari kwenda kumleta mke wa Maduhu. Ndama wawili wajomba wameshawachagua kwa rangi kabla hawajawaona. Sasa mwakani nikifunga begi kama yule mke, nani atawarudisha? Itabidi wifi yangu naye afunge lake, au mimi nirudi nikakae. Najua ni lipi wataniambia nichague, na wataniambia kwa upole.

Kwa hiyo swali ni la wiki hii, wakati ng'ombe bado wako kwa wenyewe.

Jana nilimweleza Mama Holo. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akanisomea orodha: hajanipiga, halewi, ana kazi, kwao wana ng'ombe. "Unataka kumwacha kwa sababu ya muvi? Watakucheka hadi Meatu." Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama yeye aliwahi kumuuliza marehemu mzee Holo swali lile. Akaniambia maharage yanaungua. Hayakuwa yanaungua, mama wa watu. Hata jiko lilikuwa halijawashwa.

Basi leo, baada ya ile mikono miwili ya kushoto, nimejifungia kibandani saa tano asubuhi nikampigia Baba.

"Mwangaluka, mayu." Huwa ananiita mayu, yaani mama, tangu nikiwa mtoto.

"Mwangaluka, Baba."

Tukaulizana mifugo, tukaulizana upepo. Halafu nikasema kwa pumzi moja nisije nikakwama: "Baba, nataka Jumamosi ng'ombe wasije."

Nikamsikia anasogea mbali na watu.

"Amekupiga?"

"Hapana, Baba."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Sijasikia."

"Sasa?"

Mnaona ugumu wangu? Nitamwambiaje mzee wa Lalago, ambaye tangu wiki iliyopita anafunga miiba mipya kwenye zizi, kwamba kuna mtu alipiga makofi mbele ya televisheni? Nikaacha habari ya filamu kabisa. Nikasema, "Nilimuuliza kama atanipiga. Hakusema hapana."

Nilijiandaa kwa kicheko au matusi. Baba yangu ana vyote viwili na huwa habani.

Nikasikia mwiba unavunjika mkononi mwake. Halafu akasema, "Mama yako aliniuliza hivyo hivyo. Na mimi sikusema hapana."

Nilikulia nyumba ile. Nilijua kilichofuata baada ya jibu lake, nilikisikia usiku kupitia ukuta, na tulikuwa hatujawahi kukitaja, yeye na mimi, hata siku tuliyomzika Mama. Leo amekitaja kwa simu, mchana, na miiba mkononi. Nikajiinamia juu ya cherehani nikalia. Nadhani naye alikuwa analia, ila yeye angesema ni vumbi.

"Njoo kesho," akasema. "Maduhu nitaongea naye mimi. Wa Kimali wasubiri. Huyo kijana nimpigie?"

Nikamshukuru: wabeja, Baba, huyo niachie mwenyewe.

Lakini kuachiwa mwenyewe si kazi nyepesi. Nimeandika ujumbe nikafuta mara nne. Wa kwanza ulikuwa mrefu kama barua ya mahakama. Wa pili ulikuwa na samahani nyingi, nikajiuliza naomba samahani ya nini. Namkumbuka kwenye lile benchi la hospitali, shati amelikunja kichwani kama mto, na moyo unaniuma kweli. Nampenda, hilo halijaisha. Kama lingekuwa limeisha nisingekuwa nafuta.

Saa tisa nimetuma: "Masunga, ng'ombe wasije Jumamosi. Uliponijibu pale mlangoni hukusema hapana."

Dagaa wa jirani wamenunuliwa wakaisha, upepo umelegea kidogo, ndipo akajibu. Nimeweka mkasi chini, nimefungua ujumbe. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba akiandika neno moja tu, lile la hapana, nitapiga simu Lalago nimwambie Baba tusubiri.

Ameandika: "Kwa hiyo nikisema sitakupiga, niwalete?"

Nimeusoma mara tatu, nikitafuta mahali aliposema. Hajasema. Ameuliza bei.

Nimemjibu: "Wasije."