Didas wa Chuma Chakavu, Mtu wa Kuwahi

Baba Clara,

Mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipoanguka bafuni, povu la kunyolea likiwa bado shavuni. Picha ya jalada la albamu ilikuwa ipigwe saa nane mchana, na wewe alfajiri ulishachemsha maji ya kunyolea. Presha haikutupa hata nafasi ya kukufikisha hospitali. Watoto wameniambia, "Mama, andika wewe, sie tutalia." Nami nalia, lakini naandika.

Ulikuwa mtu wa kuwahi. Kurasini, ulikofanya kazi ya kutoa mizigo ya watu bandarini miaka yote ile, mlinzi wa ofisi alikukuta wewe ndiye unayemsubiri afungue. Harusini tulifika mafundi wa mapambo bado wako juu ya ngazi. Kanisani ndiyo usiseme. Mimi na wanao tulikuja nyuma, mmoja anafunga kiatu, mwingine anatafuna chapati, nawe umeshatushikia benchi na uso umeukunja. Ulinikera, Didas. Siku hizi nikifika nakuta benchi limejaa, natafuta pa kukaa kama mgeni.

Jumamosi zilikuwa za bendi yenu, Chuma Chakavu. Mlijifungia kwenye kibanda cha uani, wazee wazima wenye mvi na magitaa, mabati yakatetemeka. Jirani yetu Tupokigwe hakukosa kuchungulia ukutani. "Baba Clara, leo tena mnachomelea mageti?" Nawe ukamjibu, "Hii roki, dada! Lete na lako tulichomelee." Hukumnunia hata mara moja. Ulimpelekea sahani ya ndizi, kisha ukarudi kuongeza sauti.

Tangu enzi za kanda hamkuwa mmetoa albamu. Mlipokubaliana kwenda kurekodi studio kwa Brightson, kule Boko, ulirudi nyumbani unacheka peke yako. Mlitaka kupiga wote kwa pamoja, chumba kimoja, kama zamani. Na wimbo wako, "Nifungulie Geti", mkauweka wa mwisho.

Wimbo huo nyumba nzima tunaujua, na kosa lako tunalijua. Matar, mpiga drams wenu, anatakiwa amalize kuzungusha ngoma zake, ndipo wewe uingie na kiitikio. Hukumsubiri hata siku moja. Uliingia yeye bado yuko njiani, ikabidi akate mkono akufuate, na wengine wote wamfuate yeye. Mligombana kwa hilo tangu mkiwa vijana. Siku ya kurekodi ulimwapia kwamba utasubiri. Ukaingia mapema vilevile.

Tulipokwisha kukuzika Bukoba na kurudi, Matar alifunga duka lake la Temeke mchana wa kazi, akaja nyumbani kwetu Goba. Kwenye simu yake alikuwa na wimbo ule mara mbili. Wa kwanza ulikuwa kama ulivyouimba. Wa pili, Brightson, kwa nia njema kabisa, alikuwa amekusogeza kwa kompyuta ukae mahali pako.

"Shemeji," akasema, "mie nimegombana na huyu mtu ujana wangu wote kwa kosa hilihili. Sasa limenyooka, nasikiliza, simpati. Ila wewe ndiye mkewe. Ukitaka tutoe ulionyooka, wallahi hakuna atakayekupinga."

Mwanao Isack akadakia. "Mama, wautoe ulionyooka. Watu watamcheka baba, na hayupo wa kujitetea."

Nikasikiliza ule ulionyooka. Sauti ilikuwa yako, nzuri, imetulia. Ikasubiri. Hapo nililia kwa uchungu ambao hata makaburini sikuwa nao, maana huyo mtu aliyesubiri simjui. Niliishi na wewe, si na yeye. Nikamwambia Matar, "Nirudishieni mume wangu alivyokuwa." Isack akaenda kunawa uso.

Albamu ikatoka, baba Clara. Ilizinduliwa ukumbini hapahapa Goba, na Clara alivaa koti lako la ngozi, mikono imemfunika vidole. Wenzako walipofika kwenye "Nifungulie Geti" waliacha maikrofoni yako imesimama peke yake mbele, hakuna aliyeigusa. Nikajua kiitikio hakina mwimbaji. Matar akaanza kuzungusha ngoma zake, na kabla hajamaliza, Isack, aliyekaa ubavuni kwangu, akasimama akaingia. Mapema, palepale pako. Ukumbi mzima ukamfuata, na Matar akakata mkono huku machozi yanamtiririka.

Wapo waliousikia redioni wakasema mzee amekosea. Wamesema kweli, na hatukuona aibu. Isack mwenyewe ndiye aliyeniwekea wimbo huo kwenye simu. Nausikiliza nikiwa jikoni, na kila ukiingia nasema, "Si ungesubiri kidogo?" Halafu nakumbuka, nakaa chini.

Nimekukosa, Didas. Nyumba imekuwa pana mno. Sina wa kuninunia kwa kuchelewa, nami nachelewa kila mahali.

Unakumbukwa na mimi mkeo Jovina, wanao Clara na Isack, mdogo wako Fransis, wenzako Matar, Albano na Chuma Chakavu nzima, pamoja na Tupokigwe, ambaye kila Jumamosi huchungulia ukutani, akaona kibanda kimefungwa, akarudi ndani. Haitapita siku tusikutaje.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, saa moja asubuhi, kanisani kwetu Goba. Viatu vya watoto vimeshapigwa rangi, vipo mlangoni. Tutafika kabla hawajafungua, na benchi safari hii tutakushikia sisi.