Mafao ya Baba Niyaweke Wapi

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za afya yako? Na safari hii usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako. Mvua zimekubali huko? Yule ng'ombe mkorofi ameshazaa? Sisi huku ni wazima. Joto limezidi na vitenge vinatoka kwa kusuasua, lakini tunakula na tunalala. Barua nimeiweka ndani ya kifurushi uisome mwenyewe polepole, maana kwenye simu ukisikia neno hela unasema "sawa mwanangu," kisha unampa Aloyce simu.

Mama, nimechanganyikiwa. Tulipomaliza matanga ya Baba ulinikabidhi mafao yake yote mbele ya kaka Aloyce, ukasema, "Wewe Manka uko sokoni, utajua pa kuyaweka." Nikajiona mjanja. Kumbe kujua bei ya doti ya kitenge si kujua bei ya kesho.

Nilianza na kiwanja. Dalali alinivusha kwa pantoni hadi Kigamboni, akanionyesha pori lenye vigingi, akaapa: "Dada, ardhi haishuki bei. Ukichelewa utalia." Nikaomba muda. Masika yalipopita nikampigia. Maji yalikuwa yamesimama pale, wanunuzi wamekimbia, kiwanja kilekile kimeshuka bei, na sasa aliyekaribia kulia ni yeye. "Dada, huu ndio wakati wenyewe wa kununua!" Sasa Mama, kikipanda ninunue haraka, kikishuka ninunue haraka. Mtu wa kawaida anafikiri saa ngapi?

Nikageukia fremu ya duka. Jirani yangu Shomari, mzaliwa wa hapahapa mtaa wa Gerezani, duka lake limepakana na langu na alikuwa anataka kutoka. Huku ukichukua fremu ya mtu unamlipa kilemba, yaani fedha ya kumwachisha nafasi, mbali na kodi ya mwenye nyumba. Tulishapatana. Mimi nilishaanza kuuona ukuta umetobolewa na maduka mawili yamekuwa moja. Asubuhi ya kulipana nikamtania, "Shomari, mbona unakimbia asali?"

Hakucheka. "Dada Manka, wewe jirani yangu, siwezi kukuingiza mkenge. Mwenye nyumba anaongea na watu wanaotaka kujenga ghorofa. Wakivunja, kilemba chako kinaondoka na kifusi. Wasipovunja, umepata. Mi sijui, na yeye mwenyewe hajui."

Nikarudisha mkoba kwapani. Jengo mpaka leo limesimama, fremu kachukua mtu mwingine, na anauza kuliko mimi. Sijui niliokoka au nilipiga teke bahati.

Mkweo naye anasema tununue dola. Dola! Ilipopanda ndipo nilipoleta mzigo wa vitenge, iliposhuka wenzangu wakaleta vilevile kwa bei nafuu, nikauza vyangu kwa hasara huku natabasamu. Sitaki kuisikia.

Nikaenda benki. Binti wa pale, mpole sana, akanieleza hati fungani: unaikopesha serikali, inakulipa faida mara mbili kwa mwaka, lakini mtaji wako unakaa miaka mingi. Ukitaka kutoka mapema lazima apatikane mnunuzi, naye ana bei yake. Nikachoka. Njia mbili zilimshinda fisi, mimi nimepewa nne.

Halafu, nilipomwambia hela ni yako, akaniuliza kitu ambacho dalali, Shomari na hata mume wangu hawakuwahi kuniuliza: "Mama yako ataihitaji lini hii hela?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Bado sana. Mama yangu ana nguvu."

Juzi Aloyce akanipigia. Kumbe kanisani huendi tena kwa miguu. Kumbe kahawa unachuma umekaa kwenye kigoda, na daktari alishasema goti linataka upasuaji, ukamwambia Aloyce afunge mdomo: "Hela za baba yenu zisiguswe, Manka anazizalisha." Mama, nililia dukani mbele ya wateja. Sikuzalisha chochote. Wewe unavumilia maumivu ili mimi niendelee kuulizia bei.

Nimekukasirikia, na nimejikasirikia zaidi. Baba alifundisha watoto wa watu miaka yote ile ili uzeeni mtembee wote wawili. Yeye hakupata. Sasa na wewe ukae kwenye kigoda ili kiwanja cha Kigamboni kipande bei? Hapana.

Usinipigie kubishana. Wiki hii nitatuma nauli, upande basi na Aloyce, nitakupokea mwenyewe stendi. Chumba kipo, na mkweo ameshahamisha marobota yangu ya vitenge. Hela itakayobaki, kusema kweli, bado sijui pa kuiweka. Labda utaniambia wewe ukishapona, labda tutachanganyikiwa wote.

Nisalimie shangazi, dada yake Baba, na umwambie dawa yake ya macho imo kwenye kifurushi. Msalimie katekista aliyetusomea sala siku ya mazishi, na mama jirani anayekukamulia ng'ombe. Aloyce mwambie simlaumu, ila siku nyingine asichelewe.

Jana nilikwenda hospitali kuulizia hilo goti. Wamenitajia gharama. Mama, mwaka huu mzima nimetajiwa bei nyingi, na hii ndiyo ya kwanza ambayo sikuomba muda wa kufikiri.

Ni mimi bintiyo anayekupenda,
Manka