Kuroni ya Shemeji Aimé

Bigo, Bunia

Kwako Yaya Bibiane,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na watoto wote hapo Mahagi. Natumaini kikohozi cha Débora kimepungua. Huku Bunia tu wazima, ila mimi usingizi umenikimbia. Ukisoma utaelewa.

Jirani yako Mama Françoise alipita hapa gareji. Alinieleza kwamba umemrudisha shemeji Aimé kwa mama yake na mguu wake uliovunjika, bado una plasta, na kwamba kanisa limemtoa kwenye uongozi wa kwaya kwa sababu ya pombe. Hata watoto wanachekwa shuleni, alisema. Nilimpa kiti, kisha nikajifanya natafuta spana.

Yaya, nivumilie nikueleze kidogo kazi yangu. Pikipiki ina magurudumu mawili ya meno: pinyo, ile ndogo ya kwenye injini, na kuroni, ile kubwa ya nyuma. Mnyororo unaziunganisha. Pinyo inazunguka mara nyingi ndipo kuroni izunguke mara moja. Mbio zinapungua, nguvu inaongezeka, ndiyo maana mtu anapanda mlima na mzigo. Meno yakilika sana yanapinda upande mmoja kama pembe za ng'ombe, na mnyororo unayaruka. Sisi mafundi wa hapa tuna ujanja wetu: kuroni iliyolika tunaigeuza, mgongo unakuwa mbele, isogeze siku kidogo. Kwa mnyororo wa zamani na kazi za mjini huwa inakubali. Kwa mnyororo mpya na mzigo mzito, hapana.

Aimé aliniletea pikipiki yake pamoja na mnyororo, pinyo na kuroni, vyote vipya, alivyonunua mwenyewe huko kwenu. Siku hiyo Gaspard, mteja wangu mkubwa, alikuwa ananigombeza mbele ya watu kwa kumchelewesha. Nikamfungia Gaspard kuroni mpya ya Aimé, nikidhani nitapata nyingine kesho yake. Kumbe Aimé alirudi mapema, ana haraka ya kuwahi mazoezi ya kwaya. Nikaiosha ile ya zamani kwa petroli mpaka ikang'aa, nikaigeuza, nikaifunga na mnyororo mpya. Aliniuliza kama yote tayari. Nikamwambia aende kwa amani.

Akirudi kwenu, kwenye kilima, mnyororo uliruka, ukabana gurudumu la nyuma, akaanguka pamoja na kreti za bia alizokuwa anambebea mfanyabiashara mmoja. Chupa zilimvunjikia mwilini. Waliomwokota walisikia harufu, wakasema amelewa. Hakuonja hata tone, Yaya. Aliyemwangusha ni mimi, ndugu yako.

Nilidhani najua peke yangu. Nilipomtembelea hospitalini akaniambia kwamba aliyaona yale meno alipokuwa amekaa barabarani akingoja msaada, yamepinda kinyume. Nilipiga magoti pale kitandani, nikamwambia nitakuandikia yote. Akanikataza. Alisema: "Acha tu anikasirikie miye. Weye ndiye ndugu moja tu Bibiane iko naye."

Nikamtii, na kwangu ilikuwa rahisi mno kumtii. Ndiyo aibu yangu kubwa.

Jumapili nitakuja Mahagi niseme mwenyewe mbele ya kanisa. Ukinifungia mlango, sitagonga mara ya pili. Lakini nakuomba, usiningojee mimi: ukimaliza kusoma, nenda ukamchukue mume wako.

Nisalimie watoto, na Mama Françoise pia.

Mdogo wako,
Fiacre