Namba Mbaya Iliyotufurahisha

Nyumba Na. 418, Mtaa wa Tano,
Lewistown, Montana.
Jumapili, 21 Aprili 2024

Mpendwa Shangazi Lorna,

Salamu zangu zivuke theluji na maji mpaka hapo kisiwani Kodiak, zikukute umeshiba na soksi zako zimekauka. Mgongo wako unaendeleaje siku hizi? Na yule paka mwenye jicho moja, bado anawatimua mbwa wa jirani? Sisi huku theluji imeanza kutoka barabarani na matope yameshika zamu. Mama hajambo. Mdogo wangu Tess ameng'oka meno mawili ya mbele na anayaringia mapengo kama mtu aliyetiwa meno ya dhahabu. Mimi ni mzima, na masomo ya darasa la tisa yananiendea vizuri, hasa sayansi.

Habari kubwa ni ya Baba. Nimejizuia aya nzima ili usione sina adabu, lakini sasa siwezi tena. Shangazi, Alhamisi Baba alilalamika! Mama alipika chili ya nyama na maharage, na mikate ya mdalasini, Baba akaonja kijiko kimoja, akasema, "Janelle, chumvi umeiacha dukani?" Mama aliweka mwiko chini, akaingia bafuni, akarudi na macho mekundu, ndipo akaenda kuchukua chumvi. Kwa miaka miwili Baba alikuwa anakula chochote kilichowekwa mbele yake, au asile kabisa, bila kusema neno.

Katika barua yako ya Februari uliniomba nikuambie ukweli, kwa sababu ukimpigia simu yeye husema tu, "Niko fiti, dada." Ukweli ni kwamba majira ya baridi yalikuwa mabaya. Dawa nne za sonona zilikuwa zimeshindwa, moja baada ya nyingine. Alilala mchana kutwa na kuziba dirisha kwa blanketi la jeshi, na usiku tulimsikia akitembea jikoni. Mwezi huohuo wa Februari Mama alizipakia bunduki zote za kuwindia kwenye gari, akazipeleka kwa jirani yetu mzee Halvorsen atutunzie. Baba alikaa kitini akitazama zikitoka, wala hakuuliza zinakwenda wapi. Siku ile niliogopa kuliko siku zote.

Ndipo Dakta Iyer, anayemtibu kule Billings, alipopendekeza ketamini. Usishtuke, maana hata mimi nilishtuka. Ni dawa ya siku nyingi ya kuwalaza watu wanaopasuliwa, lakini ikitolewa kidogo kidogo kwa dripu huweza kumsaidia mtu ambaye dawa nyingine zimeshindwa kumfikia. Alipangiwa mara sita, kila Jumanne na Ijumaa, kwa wiki tatu. Anaegemea kwenye kiti kikubwa, amefunikwa macho, nesi anampima presha, na baada ya dakika arobaini imekwisha. Baba anasema ni kama kusimama juu ya paa la ghala ukijitazama mwenyewe chini uani. Siku ya dripu haruhusiwi kushika usukani, kwa hiyo Mama ndiye dereva, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Shule yetu haina masomo Ijumaa, basi siku hiyo nami hujipakia.

Laiti ungekuwepo pale tunaposubiri. Yupo Bwana Pruitt, ambaye alikuwa Marine, askari wa majini, na anatibiwa siku zilezile. Unajua jinsi wanajeshi wa nchi kavu kama Baba wanavyowatania Marine kwamba ni wajinga hata wanakula kalamu za rangi. Ijumaa ya kwanza Bwana Pruitt alimchokoza Baba tangu tulipoingia, Baba akawa anatazama sakafu tu. Ijumaa ya pili, mara nikamsikia Baba akisema, "Nesi Marvelle, zifiche kalamu za watoto. Huyu Marine hajala tangu jana."

Bwana Pruitt akapiga paja. "Aa, kumbe anaongea! Kaa chini, mtoto wa mama. Nyinyi wa nchi kavu mkikosa mto wa kulalia mnamwandikia mbunge."

"Sisi angalau tunajua kuandika," Baba akamjibu.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini siku hiyohiyo furaha ikaingia mchanga. Kila wanapofika, kabla ya dripu, hujaza karatasi yenye maswali tisa juu ya usingizi, chakula, huzuni na mengineyo. Kila swali unajipa kati ya sifuri na tatu, na jumla ikiwa kubwa, hali ni mbaya. Dakta Iyer alimwonyesha Baba kwamba siku ya kwanza alipata nane, na sasa alikuwa na kumi na tano.

"Inapanda, Wade," alisema. "Dawa hii inakuinulia presha. Kama haikusaidii, sina haki ya kuendelea kukupa. Tutaamua Ijumaa ijayo."

Baba akasema, "Sawa, Dakta."

Mimi sikuelewa. Namba zilisema anazama, na mimi nilikuwa nimetoka kumsikia akitania. Mwalimu wetu wa sayansi, Bi Ostrander, hutufundisha kwamba kabla ya kugombana na matokeo ukakague kwanza ulipoanzia kupima. Basi nikaomba nakala ya karatasi ya kwanza, ambayo Mama alikuwa nayo mkobani. Usingizi, sifuri. Hamu ya chakula, sifuri. Kujiona mtu asiyefaa, moja. Shangazi, huyu ni mtu aliyekuwa akizunguka jikoni saa tisa za usiku! Mama aliitazama, akaikunja, akasema, "Baba yako ndivyo alivyo." Nilijua kwamba nikinyamaza watamkatia dawa, na nikisema, nitakuwa nimemwita baba yangu mwongo.

Juzi Ijumaa, Baba alipokwenda kupimwa presha, nikamnong'oneza Bwana Pruitt. Alicheka kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka barabarani.

"Binti, nani alikudanganya kwamba karatasi ya kwanza huwa ya kweli? Ukirudi kutoka vitani wanakupa fomu. Unalala? Unaota? Una hasira? Ukijibu ndiyo hata mara moja, unabaki kambini unahojiwa, wenzako wameshafika kwa mama zao. Kwa hiyo tunaandika hapana, hapana, hapana, tunapanda basi. Mkono umeshazoea."

Hakuona kwamba Baba amesimama nyuma yake.

"Pruitt, funga bakuli."

"Nifunge nini na wewe uliandika unalala kama kichanga? Mimi walinikamata wiki ya pili, ndugu yangu. Nenda kaseme, kabla hawajakunyang'anya kitu pekee kinachokufaa."

Baba akanigeukia. "Umeiona karatasi yangu, Signe?"

"Nimeiona, Baba."

Nilidhani atakasirika. Badala yake alituambia mimi na Mama tuingie naye. Akamwambia Dakta Iyer, "Ile ya kwanza niliijaza kama askari anayetaka kwenda nyumbani. Zilizofuata ni za kweli. Nipe nyingine."

Dakta hakumkemea. Alimpa karatasi safi, akamwambia aijaze jinsi alivyokuwa siku ile ya kwanza, na kwamba ile ya zamani haifuti, ataziweka zote mbili pamoja na maelezo. Baba akaandika polepole. Tatu. Tatu. Mbili. Tatu. Alipofika swali la tisa, linalouliza kama umewaza kwamba heri usingekuwa hai, kalamu ikasimama. Mama akaniambia nikangoje nje.

"Mwache," Baba akasema. "Aliziona bunduki zikitoka. Si mtoto wa kufichwa." Akaandika mbili.

Jumla ilikuwa ishirini na tatu. Ile aliyoijaza juzi tulipofika, ya hali yake ya sasa, ilikuwa kumi na mbili. Ishirini na tatu, kisha kumi na mbili! Shangazi, sijawahi kufurahia namba mbaya namna ile. Nililia na kucheka kwa pamoja, na Mama alikuwa amenishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Dakta akatuuliza sisi tumeona nini nyumbani. Mama akanitazama mimi, nikasema habari ya chumvi. Aliiandika kwenye faili, nimeona kwa macho yangu. Akampa dripu ya sita siku hiyohiyo, na kuanzia tarehe 3 Mei atampa moja kila wiki mbili, halafu ataziachanisha zaidi akiona inafaa. Alitueleza wazi kwamba dawa hii haing'oi ugonjwa, kwamba huenda nguvu yake ikapungua, na kwamba Baba lazima aendelee kumwona mshauri wake wa afya ya akili.

Baba akasema, "Sawa, Dakta." Kisha akajikamata. "Hapana. Si sawa. Naogopa itakwisha nguvu nirudi kule."

"Hilo ndilo ninalotaka kulisikia," Dakta akamwambia, akavuta kiti, wakaongea hasa.

Nisalimie Mjomba Arne na binamu yangu Britt, na umwambie Britt kwamba sweta yake ninayo, sijaiiba. Tess anakubusu kwa mapengo yake. Mungu akulinde juu ya maji na nchi kavu, akupe mgongo usiouma na samaki wa kutosha.

Nina ombi moja. Safari hii usiniulize mimi. Mpigie Baba mwenyewe, umuulize hali yake, kisha usikate simu haraka. Atakujibu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye kila siku,
Signe