Ukame Haupigi Hodi

Sopa, Pakerr.

Najua hakuna "Epa" ya kuniitikia itakayorudi, lakini nimekusalimia kwa "Sopa" ya kwenu tangu tukiwa form two na sitaanza leo kukuita marehemu. Wacha watu wa matanga wakuite hivyo. Mimi nakuita jina tulilopeana siku ile uliponipa kondoo kwa kupita mitihani ya uwakili. Ulisema kwenu Umaasaini mtu akimpa mwenzake kondoo, wote wawili wanaitana Pakerr maisha yao yote, na jina la kuzaliwa linawekwa kando. Mama yangu, Mbukusu wa watu, akauliza kwani Wafula imekosa nini. Tulicheka hadi chai ikamwagika. Kondoo mwenyewe alibaki kwako huko Ilbissil, maana mimi ningemfuga wapi, kwenye nyumba ya kupanga Noonkopir?

Niko na jambo la kukuungamia. Nimelizungukazunguka miezi hii yote, na leo nimeamua liwe liwalo.

Unakumbuka ile simu niliyokupigia nikiwa ofisini? Nilikueleza kwamba mataifa yanatunga kanuni mpya: mtu akikimbia maafa na kuvuka mpaka, asirudishwe hadi hatari ipite. Ofisi yetu ya serikali iliombwa ipendekeze maafa ni yapi, na karatasi hiyo ikaangukia meza yangu. Mafuriko, sawa. Tetemeko, sawa. Nikafika kwa ukame nikakwama, ndiyo nikakuuliza, "Pakerr, huu ukame wenu ulianza lini?" Ukacheka. "Hiyo ni swali gani sasa? Ukame haipigi hodi." Nikauliza kondoo wangu anaendeleaje. Ukasema, "Ako sawa. Amenona kukushinda."

Basi nikaandika. Si mzungu aliyeandika, si mtu wa nchi nyingine, ni mimi. Niliandika kwamba kanuni zitahusu "tukio la ghafla lenye siku ya kuanza inayojulikana." Niliogopa kwamba tukiweka kila kitu, mataifa yatakataa yote. Tena, wacha niseme ukweli, ilisomeka vizuri. Mkubwa wangu akasema hapo ndipo wakili anajulikana. Jioni nikabeba kuku mzima nyumbani. Kuku mzima, Mungu wangu, na wewe huko unavuta ng'ombe kwa mkia asimame.

Hazikupita wiki nyingi ukavuka mpaka na wale ng'ombe waliobaki. Mkeo, Mama Sein, aliniambia ulikaa ng'ambo siku tisa. Ukaulizwa umekimbia nini. Vita hakuna, mafuriko hakuna, nyumba yako bado imesimama. Ukaambiwa urudi, ukarudi kwa miguu na kikohozi kifuani. Wanasema ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Wewe hukufika. Walikukuta kando ya njia umejifunika shuka vizuri, na ng'ombe wawili wamesimama hapo karibu.

Usiniambie kanuni zenyewe hazijaanza kutumika. Najua. Kila mtu ananiambia hivyo, hata pasta. Zisingekuokoa. Lakini siku zikianza zitamwacha nje mwingine kama wewe, na maneno yatakayomwacha ni yangu.

Mwezi uliopita nilisafiri na ujumbe wetu kwenda mkutanoni. Huko, maneno ambayo hayajakubaliwa huwekwa kwenye mabano, na yakikubaliwa mabano yanatolewa. Sentensi yangu ilitokea ukutani, kubwa, kila mtu anaisoma. Nchi moja ikaisifu. Nyingine ikaunga mkono. Mimi ni wa kuketi nyuma ya kiongozi, siongei. Niliandika kwenye kikaratasi, "Tafadhali tuondoe maneno haya, ukame utabaki nje," nikampitishia begani. Alisoma, akakikunja, akakitia mfukoni. Kisha akageuka akaniambia polepole, bila ubaya, "Wafula, lakini hii si ni yetu?" Mabano yakatolewa. Nilienda chooni nikalia na maji yakifunguliwa, mtu mzima na tai yangu shingoni.

Nifanye nini, Pakerr? Nauliza kweli. Nimeandika memo tatu. Najibiwa kwamba zimepokelewa.

Jumamosi iliyopita nilienda kwa Mama Sein kumwambia yote haya. Mvua imenyesha huko, majani yamefika magotini, na hiyo nayo iliniuma. Nilimweleza mpaka mwisho. Akaenda zizini, akarudi akimvuta kondoo mmoja mwekundu. "Huyu ndiye wako," akasema. Nikamwambia hapana, wangu ni mweupe wa kichwa cheusi. Akasema yule alikufa zamani, wa kwanza kabisa, kabla ya ng'ombe hata mmoja. Ulimkataza asiniambie. Ulisema, "Pakerr akijua amekufa, mimi nitamuita nani?" Asubuhi hiyohiyo aliyokufa ukachagua mwingine ukamwekea alama yangu. Ulipovuka mpaka ukachukua wote ukamwacha huyu, ati ni wa mtu, usije ukampoteza njiani.

Kwa hivyo ulijua. Ile siku nakuuliza ukame ulianza lini, siku yenyewe ulikuwa nayo, ile aliyokufa kondoo wangu, na ukaificha kwa kicheko ili mimi nisihuzunike. Ungesema tu, rafiki yangu. Ungesema! Labda ningeweka kalamu chini. Labda pia ningeandika yaleyale, na ndiyo sababu silali vizuri.

Mama Sein hakunilaumu. Alinipa maziwa, nikayanywa nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kikao kingine kiko mbele. Nitaandika kikaratasi tena, na kitakunjwa tena, nami nitaandika kingine. Sina lingine la kukuahidi kuhusu hilo, na ninaona aibu jinsi lilivyo dogo. Lakini kuna moja ninaloliweza. Huyu mwekundu hatauzwa wala kuchinjwa, na akizaa, watoto wake watabaki kwako na alama ileile. Nimeongea na Mama Sein, amekubali.

Pumzika sasa. Kondoo ako sawa, Pakerr. Safari hii ni kweli.