Siku Tuliposimama Kando ya Uwele

Neema mjukuu wangu, sisi hatujambo, na babu yako ameshapona mguu. Umeuliza uanzeje kuwafundisha wanachuo wako elimu ya ardhi yetu. Ninalokuambia sijamwambia mtu.

Miaka ya ujamaa, nikiwa msichana wa sekondari, mhadhiri alileta wanafunzi wake kijijini kwetu Hombolo wafundishwe na bibi yangu. Walimkuta akipalilia uwele, wakasimama pembeni na kalamu, wakisubiri amalize.

"Hawa wamekuja kujifunza au kutazama ngoma?" bibi aliniuliza kwa Kigogo.

Kwetu mgeni hushika jembe kwanza. Mafundisho huja mkipalilia pamoja. Mimi, mkalimani wao, nilijua hilo, lakini niliona haya kuwaambia wasomi. Jioni wakaondoka bila somo, na bibi hakuwapokea tena.

Wanachuo wako uwape majembe kwanza. Kinachoniuma hadi leo, hata mimi nilisimama nao pembeni, mikono mitupu.

Bibi yako